Waya wa Pili: Historia Fupi ya Kasi ya Intaneti Nyumbani

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza swali lile lile: "Nimehamia nyumba mpya, niweke intaneti ya kampuni gani?" Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu za tarakilishi, watu hudhani jibu ninalo mfukoni. Zamani nilikuwa nikitaja jina la kampuni. Siku hizi nami huuliza kwanza: kwenye ploti yenu zimeingia nyaya za kampuni ngapi? Wakiniambia ni moja, nawaambia tuachane na mambo ya kulinganisha, kwanza tuongee na mwenye nyumba.

Leo nataka kueleza kwa nini swali hilo lina maana kuliko tarakimu kubwa iliyo kwenye bango la tangazo. Ili tuelewane itabidi turudi nyuma, hadi enzi za modemu.

Kufuli ya mjomba

Intaneti ya biashara iliingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, na majina ya kwanza tuliyoyasikia yalikuwa Form-Net na Africa Online. Kampuni zilikuwa kadhaa, lakini mlango wa kutokea nchini ulikuwa mmoja. Shirika la Posta na Simu lilihodhi simu za nyumbani na njia za kwenda ng'ambo. Mwaka 1999 shirika hilo lilipogawanywa, Telkom Kenya ilirithi simu na ukiritimba wake, pamoja na JamboNet, njia kuu ambayo kampuni zote zilitakiwa kupitia kwenda nje.

Mimi nilikuwa kijana nikiishi kwa mjomba hapa Nairobi. Mjomba aliogopa bili ya simu kuliko wezi, akaweka kufuli ndogo kwenye simu ili tusipige. Ila kufuli ile ilikuwa ya simu, haikuwa ya tundu la ukutani. Nikichomoa waya wa simu na kuchomeka modemu, nilikuwa ndani ya mtandao. Bili ilipokuja, mjomba aliangalia kufuli yake, akaangalia bili, akaangalia mimi. Yaliyofuata tuyaache.

Hebu tupige hesabu ya kasi ya wakati ule. Modemu yangu ilikuwa ya kilobiti 33.6 kwa sekunde. Wimbo mmoja wa megabaiti 5 ni kama megabiti 40, kwa maana baiti moja ni biti 8. Gawanya, utapata karibu dakika 20, simu ikihesabu kila dakika, na mtu akiinua simu ya chumbani unaanza upya. (Shika hapo tofauti ya biti na baiti. Kampuni huuza kwa biti, faili zako hupimwa kwa baiti, na ukisahau kugawanya kwa 8 utadhani umeibiwa hata siku ambayo hukuibiwa.)

Barua ya kwenda ng'ambo ya barabara

Njia ya kwenda ng'ambo ilikuwa setilaiti. Setilaiti za aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe upande, ushuke, jibu lipande, lishuke: ni zaidi ya kilomita 143,000. Hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde, kabla mtambo wowote haujafanya kazi. Huko ndiko kuchelewa, jambo ambalo halimo kwenye tangazo lolote. Mtu anaweza kununua njia pana kama barabara ya Thika na bado akangoja nusu sekunde kwa kila neno.

La kuchekesha zaidi ni kwamba hata wateja wa kampuni mbili za hapa hapa Nairobi waliandikiana kupitia ng'ambo. Barua pepe ya kutoka jengo moja hadi lililo mkabala ilipanda angani, ikashuka Marekani au Ulaya, ikapanda tena kurudi. Tulilipa dola kwa kuvuka barabara.

Kampuni za intaneti zikaungana chini ya chama chao, TESPOK, wakafungua kituo cha kubadilishana data hapa nchini, KIXP, mwishoni mwa 2000. Telkom ikalalamika kwamba kituo hicho kinavunja haki yake ya kuhodhi njia. Desemba mwaka huo huo Tume ya Mawasiliano, CCK, ikaamuru kifungwe. Ilichukua zaidi ya mwaka wa kesi na mabishano kabla ya KIXP kufunguliwa tena Februari 2002. Data ya Nairobi ikaanza kubaki Nairobi. Setilaiti hazikuwa zimebadilika, wala modemu zetu. Kilichobadilika ni kwamba palikuwa na njia ya pili.

Kumbukeni lalamiko lile la Telkom, maana tutalikuta tena mbele.

2009: waya unafika Mombasa

Ukiritimba wa Telkom ulikwisha 2004. Nyumbani mambo yalisogea kidogo kidogo, na wengi wetu tulibaki sayaba tukilipa shilingi kwa dakika. Sababu ilikuwa ile ile: angani bado kulikuwa ghali. Kampuni ilinunua megabiti moja ya setilaiti kwa maelfu ya dola kwa mwezi. Hakuna hesabu ambayo ingeleta bei hiyo mlangoni kwa mwalimu au karani.

Pwani ya mashariki ya Afrika haikuwa na waya wa faiba wa baharini wakati pwani ya magharibi ilikwisha kuunganishwa. Mradi wa EASSy ulikuwa ukijadiliwa na nchi nyingi kwa miaka, vikao baada ya vikao. Serikali ya Kenya ilichoka kungoja, ikaanzisha waya wake pamoja na kampuni binafsi: TEAMS, kutoka Mombasa hadi Fujairah, katika Falme za Kiarabu. TEAMS ulifika ufukweni Mombasa Juni 2009. Waya mwingine, SEACOM wa wawekezaji binafsi, ndio uliotangulia kuwashwa, tarehe 23 Julai 2009. EASSy nao ukaanza kazi 2010.

Kutoka Mombasa hadi Fujairah ni kama kilomita 5,000 chini ya maji. Mwanga ndani ya kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni sehemu ya ishirini ya sekunde. Linganisha na nusu sekunde ya setilaiti. Sisi tulioandika programu tuliihisi siku ile ile. Nilikuwa nimezoea kubonyeza herufi kwenye seva ya Ulaya na kungoja itokee. Sasa herufi zilitokea nikiandika.

Watu walitarajia bei ianguke kesho yake. Haikuanguka. Kampuni nyingi zilifanya jambo lingine: ziliacha bei pale pale na kuongeza kasi. Wengine walilalamika, lakini huo ulikuwa mwanzo wa desturi ambayo tunaishi nayo hadi leo.

Neno "hadi"

Baada ya hapo nyaya zilianza kuingia mitaani. Zuku ya kundi la Wananchi ilileta televisheni na intaneti kwa waya mmoja, Jamii Telecommunications ikaja na Faiba, na mwaka 2017 Safaricom nayo ikazindua faiba ya nyumbani. Mabango yakajaa: hadi megabiti 10, hadi 40, hadi 100.

Neno la kusoma hapo ni "hadi". Waya unaoingia kwako hugawanywa na majirani, na ule wa mtaa hugawanywa na mitaa mingine. Saa kumi alfajiri uko peke yako barabarani. Saa tatu usiku mtaa mzima unaangalia filamu. Niliwahi kulipia megabiti 40 kwa kampuni ambayo sitaitaja. Nilipima asubuhi nikapata 38. Nilipima saa tatu usiku nikapata 6. Zote mbili ni kweli, na zote zimo ndani ya "hadi".

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha kampuni mbili, pima hivi. Pima saa mbili hadi saa nne usiku, kwa siku saba, uandike kwenye daftari. Unganisha tarakilishi kwa waya, maana rauta iliyofichwa nyuma ya kabati itakudanganya. Andika kasi ya kupakua, kasi ya kupakia na kuchelewa, yote matatu. Anayefundisha au kufanya mikutano kwa video huumizwa na kupakia kuliko kupakua. Halafu andika siku ambazo hakukuwa na intaneti kabisa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau, na ndiyo iliyonifundisha adabu.

Jumapili ya 12 Mei 2024

Siku hiyo SEACOM na EASSy zilikatika pwani ya Afrika Kusini, karibu na Mtunzini. Tangu Februari mwaka huo nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, kwa hiyo njia ya kaskazini nayo ilikuwa imebana. Kenya, Tanzania na majirani walihisi pigo.

Mimi nilikuwa na kazi ya kukabidhi Jumatatu asubuhi kwa mteja wa ng'ambo. Intaneti yangu ilikuwa inatambaa. Barua pepe zilifunguka, lakini kupakia faili hakukuwezekana. Nilivuka barabara na tarakilishi kwapani hadi kwa rafiki ambaye jengo lao lina kampuni tofauti. Kwake kulikuwa kuzito lakini kulipita, maana kampuni yake ilikuwa imegawa mzigo wake kwenye nyaya nyingine. Nilimaliza saa saba usiku kwenye kochi lake.

Kwenye ngazi za jengo letu nilimkuta jirani, mama anayefundisha watoto kwa video. Ndiyo kazi yake yote tangu shule zilipofungwa Machi 2020. Alikuwa ameshika simu akitafuta mtandao kwenye dirisha la ghorofa ya nne. "Nimepoteza darasa la leo," aliniambia, "na la kesho pia sijui." Yeye hakuwa na rafiki ng'ambo ya barabara.

Kampuni zetu zilikuwa na kasi ile ile kwenye karatasi. Kilichotutenganisha mimi na rafiki yangu ni swali ambalo hakuna bango linalolijibu: waya mmoja ukikatika, mnapitia wapi?

Lalamiko linarudi

Starlink ilianza kuuza Kenya Julai 2023. Setilaiti zake wakati huo zilikuwa kama kilomita 550 tu juu, kwa hiyo ile nusu sekunde ya zamani haikuwepo. Agosti 2024 iliruhusu watu kukodi mtambo kwa shilingi 1,950 kwa mwezi badala ya kununua, na kukawa na kifurushi cha shilingi 1,300.

Julai hiyo hiyo ya 2024 Safaricom ilikuwa imeiandikia Mamlaka ya Mawasiliano, iliyochukua nafasi ya CCK, ikipendekeza kwamba kampuni za setilaiti zifanye kazi kwa kushirikiana na kampuni zilizo na mitandao hapa nchini. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, nikakumbuka Telkom na KIXP. Mwenye mlango wa kwanza hapendi mlango wa pili, awe nani.

Kisha Septemba 2024 Safaricom ikaongeza kasi bila kuongeza bei. Kifurushi cha shilingi 2,999 kilitoka megabiti 10 hadi 15. Cha shilingi 6,299 kilitoka 40 hadi 80. Hakuna aliyechimba mtaro mpya kwangu. Waya ulikuwa ule ule niliokuwa nikiuona kila siku ukutani. Uwezo ulikuwepo, kilichokosekana ni sababu ya kutupa. Nayo Starlink haikuwa muujiza: Novemba 2024 iliacha kupokea wateja wapya Nairobi kwa sababu ilikuwa imejaa, ikafungua tena 2025. Hata angani watu hugawana.

Mzee na ukuta wake

Baada ya ile Jumapili, mimi na yule mama tulimwendea mwenye nyumba. Kampuni mbili zimefika mtaani kwetu, lakini ploti yetu imeingia moja tu. Nilijiandaa na daftari langu la vipimo.

"Mzee, tunaomba kampuni ya pili iruhusiwe kuingiza waya," nilisema.

"Kijana, waya si mnao? Hawa wengine watanitobolea ukuta bure."

Nilianza kueleza habari za bahari na biti, nikaona macho yake yanaenda mbali. Yule mama akaingilia kati kwa heshima: "Baba, mwezi jana nilichelewesha kodi kwa wiki moja. Ni kwa sababu wiki hiyo sikufundisha."

Mzee alinyamaza. Kisha akauliza tundu lenyewe ni kubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kidole changu kidogo.

Mafundi walikuja baada ya wiki mbili. Mimi nilibaki na kampuni yangu ya zamani, na yule mama akachukua mpya. Rauta zetu zimetenganishwa na ukuta mmoja, na tumepeana maneno ya siri. Moja ikilala, tunahamia nyingine. Na sijui kama ni bahati tu, lakini tangu waya wa pili uingie, nikiipigia simu kampuni yangu kulalamika, fundi anakuja siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo wewe unayeniuliza uweke kampuni gani: kabla ya kulipa amana ya nyumba, simama nje uhesabu nyaya zinazoingia kwenye jengo. Ukikuta moja, uliza kwa nini.