Tarehe Mbili za Kufikirika: Shaaban Robert Aliandika Saa Ngapi?

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa, kabla hujagusia usuli wa riwaya yoyote katika insha yako, jiulize: mwandishi huyu aliandika saa ngapi? Swali hili huonekana la kitoto. Nami nililipuuza hadi niliposahihisha insha moja ya mtihani wa majaribio iliyodai kwamba Kufikirika inawakejeli viongozi waliotwaa madaraka baada ya uhuru. Mtahiniwa alikuwa ameuona mwaka wa 1967 katika kurasa za mwanzo za kitabu. Hoja zake zilipangika na lugha yake ilikuwa safi. Nilimnyima alama huku roho ikiniuma, kwa sababu ni mimi niliyemfunza kutazama mwaka ule.

Shaaban Robert aliiandika Kufikirika mwaka wa 1946, na akafariki mwaka wa 1962. Kwa hivyo riwaya ilikaa miaka 21 ikingoja, mitano kati ya hiyo mwenyewe akiwa kaburini. Tanganyika aliyoiona alipokuwa akiandika ilitawaliwa na Uingereza, na chama cha TANU kilikuwa hakijaundwa.

Sasa turudi kwenye saa. Mtu huyu tunayemwita gwiji alikuwa karani. Alifanya kazi katika Idara ya Forodha tangu 1926 hadi 1944, akahamia Idara ya Mifugo huko Mpwapwa, kisha akarejea Tanga mwaka wa 1946 kuhudumu katika ofisi za serikali, ya mwisho ikiwa ya upimaji ardhi. Saa za mchana zilikuwa za mwajiri. Riwaya, tenzi na insha zilipaswa kutafutiwa nafasi katika saa zilizobaki. (Mwalimu aliyewahi kujaribu kuandika hadithi fupi huku rundo la madaftari likimkodolea macho anajua saa hizo ni chache kiasi gani.)

Kumaliza mswada nako hakukuwa kumaliza kazi. Wachapishaji walikuwa mbali: baadhi ya maandishi yake yalitolewa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na Kusadikika ilitolewa na kampuni ya Nelson ya Uingereza mwaka wa 1951. Isitoshe, tangu 1930 kulikuwapo Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili, na vitabu vilivyolengwa shule vilipitia macho yake.

Mazingira hayo yanatusaidia kuieleza mbinu yake. Aghalabu wanafunzi wetu huandika kwamba "mwandishi ametumia istiara", wakaweka nukta. Kwa nini istiara? Karani wa serikali ya kikoloni angewezaje kuandika waziwazi kwamba watawala huwafunga watu wanaoleta mawazo mapya? Basi akaijenga Kusadikika, nchi iliyo angani, na kumsimamisha Karama mahakamani awatetee wajumbe sita waliotumwa nje wakarudi kutiwa gerezani. Katika Kufikirika, mwalimu wa mwana wa mfalme anaachishwa kazi kwa kutaka mtoto apate pia nafasi ya michezo. Simjui mwalimu asiyetabasamu kwa uchungu anapofika hapo. Sidai kwamba hofu pekee ndiyo iliyozaa fumbo, maana ngano na hekaya zilikuwa urithi wake tangu utotoni. Ila nadhani ajira yake ilimfanya authamini zaidi urithi huo.

Wala usidhani tatizo liliisha ukoloni ulipoisha. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, nchi ikiwa huru, na bado ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda.

Tangu insha ile, ukutani mwa darasa langu pana jedwali lenye safu mbili: mwaka wa kuandikwa na mwaka wa kuchapishwa. Safu ya pili imejaa. Ya kwanza ina mapengo mengi, na wanafunzi nimewakataza kuyajaza kwa kubahatisha. Mwenye insha alikuwa wa kwanza kuandika humo: 1946.