Siwa na Tari: Historia, Visasili na Alama za Mji wa Ziara wa Lamu

Kiswahili hutofautisha maneno mawili ambayo mgeni huelekea kuyachanganya: hija na ziara. Hija ni moja, nayo ni ya Makka. Ina siku zake, nguzo zake na sharti la uwezo. Ziara ni kwenda kumwona mtu au kulizuru kaburi lake, kwa mapenzi na kwa kutaraji baraka. Kila mwaka, katika mwezi wa Mfungo Sita, yaani Rabiulawwal, watu kutoka Mombasa, Tanga, Unguja, Ngazija na kwingineko huelekea Lamu kwa ajili ya Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Hakuna mwanachuoni aiitaye safari hiyo hija. Hata hivyo, ni safari iliyoupa mji huu mdogo wa kisiwani heshima ambayo miji mikubwa kuliko wenyewe haikuipata.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: kwa nini Lamu? Jibu jepesi ni kwamba Lamu ni mji wa kale, na ukale huzaa utukufu. Jibu hilo halitoshi. Katika kisiwa jirani cha Pate, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton huko Shanga katika miaka ya 1980 ulifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8, na Shanga leo ni magofu. Siyu ilisifika kwa wanavyuoni na waandishi wa misahafu kabla ya Riyadha kuwapo, lakini haikuwa kitovu cha ziara ya namna hii. Utukufu wa Lamu una sababu nyingine, na ili kuielewa yapasa kusikiliza visa viwili ambavyo mji huu umejisimulia juu ya nafsi yake.

Kisa cha kwanza: Hidabu na Weyuni

Kisa cha kwanza kimo katika Khabari za Lamu, tarikhi iliyoandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy mwishoni mwa karne ya 19 na kuchapishwa na William Hichens mwaka 1938. Tarikhi hiyo yaeleza kwamba wenyeji wa mwanzo walikuwa Waarabu wa Sham waliofika zama za khalifa Abdulmalik bin Marwan, aliyetawala baina ya mwaka 685 na 705. Mji haukuwa mmoja bali miwili, Hidabu na Weyuni, nayo ikapigana. Vita havikumalizwa kwa nguvu za silaha peke yake bali kwa hila, na walioshindwa wakatwikwa masharti ya unyonge.

Mwanahistoria hawezi kukipokea kisa hiki kama kilivyo. Ushahidi ulio imara juu ya mji wenyewe ni wa baadaye: Msikiti wa Pwani, ulio karibu na ngome, unahusishwa na mwaka 1370, na katika karne ya 15 mwandishi wa Kiarabu alitaja kadhi wa Lamu aliyeonekana Makka. Lakini thamani ya kisasili haimo katika tarehe zake. Kisa cha Hidabu na Weyuni chajibu swali la nani mwenye mji na nani mfuasi, na jibu lake ni nasaba. Aliyetangulia na akashinda ndiye muungwana. Mwingine sharti aonyeshe alikotoka.

Cheo hicho cha uungwana kilikuwa na sauti yake, nayo ni siwa. Siwa ya Lamu ni baragumu kubwa la shaba lenye nakshi, lililopulizwa katika arusi na sherehe za koo za waungwana. Mtumwa na mgeni asiye na ukoo waliisikia siwa, lakini haikulia kwa ajili yao.

Aidha, uungwana ulijijenga kwa mawe. Mnamo mwaka 1812 hivi jeshi la Pate na la Wamazrui wa Mombasa lilishuka Shela, likashindwa na watu wa Lamu. Husimuliwa kwamba maji yalikupwa, vyombo vya maadui vikakwama juu ya mchanga, na waliotaka kukimbia wasiweze. Kwa kuhofia kisasi, Lamu iliomba himaya ya Seyyid Said wa Omani, na ngome kubwa iliyopo hadi leo ikakamilika mwaka 1821. Ushindi ulileta utajiri. Nyumba za mawe za Mkomani, zenye vidaka vya chokaa na milango ya nakshi, zilistawi kwa biashara ya majahazi na kwa kazi ya watumwa waliolima mashamba ya bara. Ulinzi huo ulikuwa na bei yake: ngome ikawa kituo cha mamlaka ya Omani, na wakati wa ukoloni ikageuzwa gereza, hadi mwaka 1984.

Kisa cha pili: sharifu wa Langoni

Kisa cha pili kinamhusu Saleh bin Alawi Jamalilail, ajulikanaye kwa jina la Habib Saleh. Alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, akaja Lamu angali kijana kwa jamaa zake, akasoma kwa wanavyuoni wa mji. Kwa nasaba alikuwa sharifu na angeweza kukaa Mkomani miongoni mwa wakubwa. Alichagua Langoni, upande wa kusini, penye vibanda vya udongo na makuti, walikokaa watumwa, waliokwisha kuachwa huru, na wageni wa Kihadhrami na wa Kingazija wasio na mali. Aliwafundisha watu ambao hapo awali elimu ya dini ilikuwa haiwafikii ila kwa uchache sana.

Mnamo mwaka 1900 hivi ulisimama Msikiti wa Riyadha, pamoja na madrasa yake. Jina lake lauunganisha na msikiti wa Seiyun, Hadhramaut, wa Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915. Kutoka kwa sheikh huyo yalikuja maulidi yanayojulikana pwani kwa jina la Maulidi ya al-Habshi. Watu wa Lamu walikuwa na maulidi yao tayari: Barzanji ilikuwa ikisomwa kwa Kiarabu, na mshairi Mwenye Mansabu, aliyefariki mwaka 1922, alikwisha kuifasiri kwa tungo za Kiswahili. Jipya la Riyadha lilikuwa namna ya kusoma. Maulidi yalisomwa kwa matari, kwa sauti za pamoja, safu za watu zikiyumba kwa mdundo mmoja. Wako wanavyuoni na waungwana walioona kuwa kupiga tari mahali pa ibada ni uzushi. Mabishano hayo yalihusu fikihi, lakini hayakuhusu fikihi peke yake. Swali la nani mwenye mji lilikuwa limerudi, safari hii ndani ya msikiti.

Hapa yafaa tarehe zitazamwe kwa pamoja. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kwa hiyo Khabari za Lamu ziliandikwa katika kizazi kile kile ambacho Habib Saleh alikuwa akifundisha Langoni. Kisa cha nasaba kilitiwa wino wakati nguzo zake za uchumi zikitikisika, na kisa cha sharifu kikaanza kusimuliwa wakati waliokuwa chini wakitafuta mahali pa kusimama.

Mipaka ya kisa cha pili

Isidhaniwe kwamba Riyadha iliifuta nasaba. Abdul Hamid el Zein, katika utafiti wake juu ya Lamu uliochapishwa mwaka 1974, alionyesha jinsi mabadiliko hayo yalivyoipandisha daraja ya masharifu. Muungwana alipoteza upekee wake, lakini aliyepokea heshima ile kwanza alikuwa mwenye damu ya Mtume, na baada ya Habib Saleh kufariki mwaka 1935 uongozi ulibaki katika kizazi chake. Mtoto wa mtumwa alipata darasa, safu katika msikiti na jina la mwanafunzi. Hakupata usawa kamili. Hata hivyo alichokipata hakikuwa kidogo, kwa kuwa aliyenyimwa ukoo katika kisa cha kwanza aliweza sasa kudai silsila ya elimu.

Hitimisho

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sifa zilizotajwa sana ni za mawe, boriti na milango, yaani alama za Mkomani. Ni haki zihifadhiwe. Lakini mtafiti anayeishia hapo atakuwa amesoma kisa kimoja tu. Siwa ya shaba imewekwa katika makumbusho ya mji, nayo yatazamwa zaidi kuliko inavyosikika. Tari za Riyadha zingali zikipigwa kila Mfungo Sita, na baada ya usomaji umati hutoka kwa zefe kulizuru kaburi la Habib Saleh, huku vijana wakicheza goma na kushindana kwa mashua na punda.

Basi Lamu haikuwa mji wa ziara kwa sababu ya ukale wake, bali kwa sababu, katika saa ya mabadiliko makubwa, sehemu yake iliyodharauliwa ilifungua mlango. Wanaokuja kuzuru hupita mbele ya ngome na nyumba za waungwana, kisha huendelea hadi Langoni. Njia hiyo ni ushahidi wa historia kama ilivyo tarikhi iliyoandikwa, na yastahili kusomwa kwa uangalifu uo huo.