Moto Ndani ya Damu: Historia ya Sepsisi na Walinzi wa Mwili

Popote ulipo, Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi, sogea karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya ugonjwa unaoingia kimya na kuua haraka. Madaktari huuita sepsisi.

Sepsisi huanza na ambukizo dogo: kitovu kilichoingia uchafu, kidonda, nimonia, au tumbo la uzazi baada ya kujifungua. Mwili huanza kupigana na viini. Lakini katika sepsisi vita hivyo hupita kiasi, na mwili huanza kujiumiza wenyewe: mapafu, figo, moyo na ubongo. Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Nyasi hapa ni viungo vya mtoto wako.

Tulikotoka

Turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1840, wakati Kivoi wa Kitui akiongoza misafara ya pembe za ndovu kwenda Mombasa, kule Vienna akina mama walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi. Hospitali ile ilikuwa na wodi mbili. Katika ile ya wakunga vifo vilikuwa vichache. Katika ile ya madaktari na wanafunzi wao vilikuwa vingi sana. Daktari Ignaz Semmelweis alijiuliza kwa nini. Akagundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti, kisha wakaenda kuzalisha. Mwaka 1847 aliwaamuru wanawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wakifa zaidi ya akina mama 18 katika kila 100. Kufikia Julai hawakuzidi 2. Hata hivyo, madaktari wengi walimkataa, naye akafa mwaka 1865 bila kuheshimiwa.

Hapa kwetu Kenya, funzo kubwa lilitoka Kilifi. Kati ya Agosti 1998 na Julai 2002, watafiti walipima damu ya watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya. Katika watoto wachanga wa chini ya siku 60, karibu 13 katika kila 100 walikuwa na bakteria ndani ya damu. Katika kila watoto 100 waliofia hospitalini, 26 walikuwa na bakteria hao. Sasa sikiliza hili vizuri, mama. Kati ya watoto waliokufa wakiwa na bakteria katika damu, theluthi moja walikufa siku ileile waliyofikishwa hospitalini. Saba katika kila kumi walikufa ndani ya siku mbili. Kwa hiyo ule usiku mmoja wa kusema "tungoje kuche" unaweza kuwa ndio usiku wenyewe.

Baadhi ya viini hivyo sasa vina chanjo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya Hib mwaka 2001, na ile ya nimokokasi mwaka 2011. Ndiyo sababu muuguzi anakusisitizia usiruke tarehe iliyoandikwa katika kijitabu cha kliniki.

Askari na wazee wa amani

Kwa nini basi mwili ujiumize wenyewe? Damu ina askari, yaani chembechembe nyeupe. Wengi wenu mmesikia kliniki juu ya CD4. Hao ni askari wanaowaongoza wenzao vitani. Lakini ndani ya ukoo huo wa CD4 wamo wengine ambao kazi yao ni kutuliza vita. Wafananishe na wazee wa nzama. Vijana wakishika mishale, wazee huinuka na kusema: basi, yatosha, mtateketeza kijiji.

Mwaka 1995 mtaalamu wa Japani, Shimon Sakaguchi, alionyesha kwamba panya wasio na chembe hizi tulivu hushambuliwa na kinga yao wenyewe. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walipata jini inayohitajika ili kazi hiyo ya kutuliza ifanyike. Mwaka 2025 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobeli.

Wewe mama unawahitaji wazee hawa. Unapobeba mimba huongezeka, ili kinga yako isimkatae mtoto. Mtoto naye anapokuwa tumboni anao wengi, ili asipigane na chembe zako. Hii ni sababu moja inayofanya kinga ya mtoto mchanga iwe ya upole, na ashindwe upesi na viini. Tena anaweza kuugua sana bila joto kupanda. Wengine hupoa mwili.

Katika sepsisi mizani hii huharibika. Mwanzoni askari huwaka kama moto wa nyika wakati wa kiangazi. Baada ya siku kadhaa askari wengi hufa, lakini wazee hubaki, na sehemu yao katika damu huwa kubwa kuliko kawaida. Sasa mwili umenyamaza mno, na ambukizo lingine hupata mlango. Kwa hiyo mtoto aliyeruhusiwa kutoka hospitalini bado ni wa kuangaliwa. Akibadilika hata kidogo, mrudishe.

Hadi leo hakuna dawa ya sepsisi ya kuwaamuru wazee hawa. Tunachoweza ni kuzuia uchafu usiingie, na kumfikisha mgonjwa mapema apate dawa ya kuua bakteria, hewa ya oksijeni na uangalizi.

Mama, ufanye nini?

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto na kabla ya kumnyonyesha. Tunajua maji ni ya shida, na wengine mnachimba mchanga wa mto ili kuyapata. Toboa mtungi mdogo, maji yatoke kidogo kidogo. Kikombe kimoja chatosha. Kwenye kitovu usipake majivu, samadi wala mate. Tumia tu dawa uliyopewa na muuguzi.

Mpeleke mtoto mchanga hospitalini mara moja, hata usiku, ukiona:

- hanyonyi, au ameacha kunyonya vizuri;
- amelegea, hajisogezi;
- mwili una joto sana au ni baridi;
- anapumua haraka, au kifua kinabonyea ndani;
- anashtukashtuka kwa degedege;
- kitovu ni chekundu au kina usaha.

Mama aliyejifungua naye aende upesi akiwa na homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ya tumbo, au akianza kuchanganyikiwa.

Mweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunike, na mnyonyeshe njiani akiweza. Usimpe vidonge vilivyobaki nyumbani.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Usiku mtoto akizidiwa, ni nani kijijini mwenu mwenye bodaboda wa kumpigia simu?
2. Nani huamua nyumbani kwenu kwamba mtoto apelekwe hospitalini? Asipokuwepo, mmekubaliana nini?
3. Ni kitu gani kinachopakwa kitovu katika eneo lenu, na mtamshaurije nyanya anayekitumia bila kumvunjia heshima?

Mama, dalili ya mvua ni mawingu. Ukiyaona mawingu, usingoje mvua. Kwaheri hadi kipindi kijacho.