Faru wa Kweli, Mapenzi ya Kuigiza

Wageni wametengeneza sinema nyingi katika nchi yetu, lakini ipo moja ambayo hata jina lake ni neno letu wenyewe: Hatari! Mwongozaji wake alikuwa Howard Hawks, Mmarekani, aliyefika Tanganyika na kundi lake mwishoni mwa mwaka 1960. Walipiga kambi pande za Momella, karibu na Mlima Meru, wakapiga picha hadi miezi ya mwanzo ya mwaka 1961. Desemba 9 mwaka huo nchi ikapata uhuru, na katikati ya mwaka 1962 sinema ikaanza kuonyeshwa Marekani. Siku hizo sisi wa Nangwa tulikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu, Jimbo la Kaskazini, na makao makuu ya jimbo yalikuwa Arusha. Kwa maana hiyo sinema ile ilitengenezwa uani kwetu, ingawa hatukuulizwa neno.

Wengi walioiona wanakumbuka wanyama. Hadithi inahusu kundi la watu wanaokamata wanyama wa porini ili wapelekwe kwenye bustani za wanyama huko ng'ambo. Gari linakimbia mbugani, mtu amekaa mbele kabisa akiwa na kitanzi mkononi, faru anageuka na kulipiga gari kwa pembe. Hawks aliwataka waigizaji wenyewe wafanye kazi hiyo. Faru walikuwa wa kweli, vumbi lilikuwa la kweli, na hofu unayoiona usoni mwa watu wale haikuhitaji mazoezi mengi. Kwa upande huo sinema inaaminika kabisa.

Lakini, ndugu msomaji, Hatari! ni pia kichekesho cha mapenzi, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kiongozi wa wakamataji, Sean Mercer, anachezwa na John Wayne, aliyezaliwa mwaka 1907. Msichana mpiga picha anayefika kambini, ambaye kila mtu anamwita Dallas, anachezwa na Mwitaliano Elsa Martinelli, aliyezaliwa mwaka 1935. Wakati wa kupiga picha bwana alikuwa na miaka 53, na binti alitimiza 26 wakiwa kazini. Tofauti yao inakaribia miaka 28, umri wa mtu na baba yake. Katika sinema hakuna anayeshtuka. Kinachomzuia Sean kumpenda Dallas ni kwamba zamani aliachwa na mchumba aliyekuja Afrika na asiyapende maisha ya huku. Kikwazo ni moyo uliojeruhiwa tu. Miaka haitajwi kuwa kikwazo.

Nimewahi kujiuliza kwa nini watazamaji wa enzi hizo walikubali. Jibu moja ni mazoea. Katika sinema za Marekani za wakati ule nyota wa kiume aliruhusiwa kuzeeka kazini, ila mwanamke aliyewekwa pembeni yake hakuruhusiwa. Ilikuwa biashara. Jina la John Wayne liliuza tiketi, na wenye mali hawakutaka kulibadilisha kwa sababu ya mvi. Basi kila sinema mpya mwanamume aliongezeka umri, na mwanamke akabadilishwa kwa mwingine mwenye umri ule ule wa yule aliyepita. Mwaka 1957 Gary Cooper, aliyezaliwa 1901, alimbembeleza katika sinema Audrey Hepburn, aliyezaliwa 1929. Hesabu hiyo nayo inatoa miaka 28.

Jibu la pili ni ufundi wa Hawks mwenyewe. Katika Hatari! anayeanza mambo ni Dallas. Yeye ndiye anayeuliza, yeye ndiye anayembusu mzee kwanza, na yeye ndiye anayekasirika mzee anapochelewa kuelewa. Sean anakaa kama mti, akiogopa zaidi kuliko alivyomwogopa faru. Mtazamaji akicheka, anasahau kuhesabu miaka. Hawks alikuwa ameutumia ujanja huo tangu zamani. Mwaka 1944 alimweka Humphrey Bogart, wa miaka 44, na Lauren Bacall, wa miaka 19, na akampa binti maneno yote makali. Mwaka 1959, katika Rio Bravo, alimweka John Wayne huyu huyu na Angie Dickinson, aliyezaliwa 1931, na tena mwanamke ndiye aliyemfuata mwanamume.

Ni haki kuongeza kwamba Bogart na Bacall walioana kweli mwaka 1945, wakakaa pamoja hadi mume alipofariki mwaka 1957. Kwa hiyo siwezi kusema mapenzi ya namna hiyo hayapo duniani. Na Hawks mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alioa mwaka 1953 mke wa tatu aliyezaliwa mwaka 1928. Walitalikiana mwaka 1959, mwaka mmoja tu kabla ya safari ya Tanganyika. Mtu aliyekaa nyuma ya kamera kule Momella aliijua habari hiyo kwa undani, mwanzo wake na mwisho wake. Katika sinema alituonyesha mwanzo peke yake.

Mwigizaji mmoja aliona tatizo na akalisema. Cary Grant, aliyezaliwa mwaka 1904, alipoombwa kucheza na Audrey Hepburn katika Charade ya mwaka 1963, aliona haya kuonekana akimwinda binti aliyemzidi kwa miaka 25. Akaomba maandishi yabadilishwe ili binti awe ndiye anayemfuata yeye, na umri wake ukawa jambo la kufanyiwa mzaha waziwazi. Miaka mitatu baadaye, katika sinema yake ya mwisho, alikubali kazi ya mshenga: alimtafutia binti kijana mwenzake, naye akarudi kwa mkewe. Huyo kwa maoni yangu aliujua umri wake.

Hata ndani ya Hatari! yapo mapenzi mengine ambayo ninayaamini zaidi, na sababu yake inafundisha. Kambini yuko msichana mwingine, Brandy, ambaye wanaume wote wamemwona akikua. Mchezaji wake, Mfaransa Michèle Girardon, alizaliwa mwaka 1938. Vijana wawili shupavu, Mjerumani na Mfaransa, wanamgombea. Mwisho moyo wake unamwendea Pockets, dereva wa teksi wa zamani kutoka New York, mchekeshaji na mwoga wa wanyama, aliyechezwa na Red Buttons, mzaliwa wa mwaka 1919. Hapo napo kuna tofauti ya miaka 19. Hata hivyo inaaminika, maana Pockets anaweza kukataliwa. Hana jina kubwa, hana ubosi, na tangu mwanzo tunajua vijana wale wawili wanamshinda kwa kila kitu kinachoonekana. Binti ana watu watatu wa kuchagua, na anachagua. Dallas naye inasemekana anachagua, lakini kila kitu pale kambini, hata ndovu wadogo anaowalea, vinamsukuma upande mmoja. Siku anapokimbia kambi, kundi zima linatoka kumsaka, na ndovu wale wanatumiwa kufuata harufu yake. Ni kichekesho, na watu hucheka. Lakini ukikitazama kwa utulivu, ni kijiji kizima kinachomkamatia mzee mke kwa mbinu zile zile zilizomkamata faru.

Hatari! ilinifikia kwenye kanda ya video, miaka ya tisini, katika kibanda kimoja pale Katesh kilichoendeshwa kwa jenereta. Baadaye niliiazima na kuionyesha nyumbani, na miongoni mwa watazamaji alikuwa shangazi yangu. Yeye aliolewa miaka ya hamsini, akiwa mke wa pili wa mtu aliyekuwa tayari na mvi. Hakujua Kiingereza, hivyo aliyafuata mambo kwa macho. Nyati na twiga hawakumshangaza. Kilichomshangaza ni wale wawili. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu mzee hana ndugu?" Nikamjibu kwamba sinema haikuwaonyesha. Akauliza tena, "Na huyu binti, baba yake yuko wapi? Ng'ombe wametoka wangapi?" Nikasema Wazungu hawatoi ng'ombe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi huyu akifa, mtoto huyu atabaki na nani?"

Swali hilo alikuwa na haki ya kuliuliza kuliko sisi wote. Yeye alibaki mjane angali na nguvu za kulima, akawalea watoto wake katika boma ambalo watoto wa mke mkubwa walikuwa karibu umri wake. Hakuwahi kumsema vibaya marehemu. Alisema alikuwa mtu mpole. Lakini siku aliyoposwa hakuna aliyemwuliza, na hilo pia alilisema, bila hasira, kama mtu anayesema mwaka gani mvua haikunyesha.

Hapa kwetu, chini ya Mlima Hanang, tofauti ya umri katika ndoa haikuwa siri wala kichekesho. Ilikuwa na taratibu zake, nyingine ngumu na nyingine za kumlinda mwanamke. Majirani zetu Wabarabaig wana mfano ambao wageni waliuandika kwa mshangao. Mtaalamu wa Kimarekani George Klima, aliyeishi nao miaka ya 1950, alieleza mwaka 1964 jinsi wanawake walivyokuwa na baraza lao, ambalo mwanamume aliyevunja haki ya mwanamke aliitwa mbele yake na kutozwa faini ya ng'ombe. Bibi harusi naye alipewa ng'ombe na watu wa kwao, akaingia kwa mume akiwa na mali inayojulikana ni yake. Mume angeweza kuwa mzee kiasi chochote, lakini nyuma ya mke yalikuwepo macho ya wanawake wengine na sauti za ng'ombe wake mwenyewe zizini. Sisemi kwamba hayo yalitosha, kwa maana shangazi yangu ni ushahidi kwamba kuna mambo hayakutosha. Nasema tu kwamba mapenzi au ndoa ya watu waliopishana sana umri ina watu wengi ndani yake, na sinema inapowaondoa wote na kubakiza wawili, imeondoa ukweli.

Sheria nayo imetembea polepole. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu mwanamume kuoa akiwa na miaka 18, na msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ilikata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi wa Mahakama Kuu. Mwaka huo huo wa 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa, na mtu anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi akawekewa kifungo cha miaka 30. Kwa miaka mingi, basi, sheria iliwahesabia wasichana miaka yao kwa kipimo tofauti na cha wavulana, kama walivyofanya wenye sinema.

Lakini Watanzania nao wamekwisha kutunga kichekesho chao juu ya jambo hili, na nadhani kinawashinda wale wa Momella. Mnamo mwaka 2008 redio zilianza kurusha michezo mifupi yenye mhusika aitwaye Fataki. Huyo ni mtu mzima mwenye fedha zake, anayewarubuni wasichana wadogo kwa chipsi, simu na lifti. Kila mara, karibu na kufanikiwa, anatokea mtu, jirani au mhudumu, anayemshtua binti, na Fataki anabaki ameumbuka. Jina hilo liliingia katika lugha mara moja. Leo hata hapa Nangwa mtu mzima akisimamisha pikipiki karibu na wasichana wa sekondari, utasikia sauti nyuma yake ikiita, "Fataki!" na watu wakicheka. Katika filamu zetu pia, marehemu Mzee Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018, alichekesha mara nyingi kwa kucheza mzee mwenye tamaa ambaye mwisho wake ni aibu.

Angalia tofauti, ndugu msomaji. Katika Hatari! jamii nzima inacheka huku ikimsaidia mzee kumpata binti. Katika Fataki jamii nzima inacheka huku ikimsaidia binti kuponyoka. Vicheko vyote viwili ni vya kweli, na vyote hufundisha, maana mtu huingia katika kicheko bila kuvaa silaha.

Wapo watakaosema kwamba Dallas alikuwa mtu mzima wa miaka 26 mwenye kazi yake, wala si mwanafunzi, na kwamba si halali kumweka kapu moja na watoto wanaorubuniwa. Nakubaliana nao. Ndiyo maana sipendi kipimo cha miaka peke yake. Bogart na Bacall walipishana miaka 25 na watu wakawaamini, kwa sababu binti yule alisimama mbele ya mwanamume kama mtu anayeweza kugeuka na kuondoka saa yoyote. Msichana wa kidato cha pili na kijana wa miaka 24 wanapishana miaka michache tu, na hakuna cha kuamini hapo.

Kwa hiyo ninapotazama sinema ya mapenzi ambamo mmoja ana mvi, nauliza maswali yaliyo karibu na yale ya shangazi. Huyu mdogo anaweza kusema hapana, na akisema, atalala wapi usiku huo? Ndugu zao wako wapi, na wanasema nini? Na miaka 20 ikipita, nani atamshika mwenzake mkono? Sinema inayoyajibu, hata kwa utani, naiamini na nacheka kwa raha. Ile isiyoyajibu naitazama kwa ajili ya faru.