Eddie Robinson: Kocha aliyeshinda mechi 408 akiwa chuo kimoja tu

Makocha wengi siku hizi hawamalizi misimu mitatu kabla ya kufungashiwa virago. Eddie Robinson alianza kazi Chuo cha Grambling, jimbo la Louisiana nchini Marekani, mwaka 1941. Aliondoka 1997. Katikati hapo alishinda mechi 408, na mwaka huohuo alioachia timu akaingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa Futiboli ya Vyuo.

Lakini namba hiyo ni nusu tu ya stori. Kwa sehemu kubwa ya kazi yake, vyuo vikubwa vya Kusini mwa Marekani havikucheza na timu kama yake wala kuchukua vijana kama wake, kwa sababu walikuwa Weusi. Ndiyo maana hadi leo jina lake likitajwa kwenye mjadala wa kocha bora wa muda wote, swali lilelile linarudi: unampimaje mtu aliyefungiwa mlango wa kukutana na wakubwa?

Haya ndiyo ya kufahamu kuhusu yeye.

Kwa haraka

- Jina: Eddie Gay Robinson
- Kuzaliwa: 13 Februari 1919, Jackson, Louisiana
- Kufariki: 3 Aprili 2007, Ruston, Louisiana
- Chuo alichofundisha: Grambling State, 1941 hadi 1997
- Rekodi: ushindi 408, kufungwa 165, sare 15
- Ubingwa wa kanda yao ya SWAC: mara 17
- Wachezaji waliofika ligi za kulipwa: zaidi ya 200

Futiboli ipi hii?

Siyo soka. Ni ule mchezo wa Kimarekani wa mpira wa umbo la yai, kofia ngumu na mabega yaliyojazwa. Kule, mechi za vyuo siyo bonanza la wanafunzi. Zinajaza viwanja vikubwa, zinaonyeshwa mubashara, na ndiyo njia kuu ya kufika ligi ya kulipwa, NFL. Kwa hiyo kocha wa chuo anaweza kuwa maarufu kuliko gavana wa jimbo lake.

Alianza na mshahara wa dola 63.75

Baba yake alilima shamba la watu kwa kugawana mavuno, mama yake alifanya kazi za nyumbani. Robinson alisoma Chuo cha Leland, akacheza futiboli, akahitimu. Kazi ya ukocha ilikuwa ngumu kupata, kwa hiyo alifanya kibarua kwenye kinu cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge, akilipwa senti 25 kwa saa.

Mwaka 1941 akasikia chuo kidogo cha Weusi kaskazini mwa jimbo kinatafuta kocha. Aliajiriwa akiwa na miaka 22, kwa mshahara wa dola 63.75 kwa mwezi. Wakati huo chuo hata hakikuwa na jina la Grambling. Kilibadilishwa jina baadaye, mwaka 1946.

Usifikirie benchi la ufundi lenye watu kumi. Jamaa alikata nyasi za uwanja, akachora mistari, akawafunga bendeji majeruhi, na baada ya mechi akaandika mwenyewe habari za kupeleka magazetini. Kwenye safari alitengeneza mikate ya kula njiani, maana migahawa mingi haikuhudumia Weusi.

Msimu wa kwanza haukuwa mzuri: alishinda mechi 3, akafungwa 5. Msimu wa pili, 1942, Grambling ilishinda mechi zote 9 na haikuruhusu hata pointi moja. Sifuri, msimu mzima.

Vita Kuu ya Pili ilisimamisha timu ya chuo mwaka 1943 na 1944, akahamia kwa muda kufundisha sekondari ya Grambling. Hapo ndipo penye kisa kinachosimuliwa sana: mzazi mmoja aliwatoa wanawe kwenye timu wakavune pamba. Robinson hakwenda kugombana naye. Aliichukua timu nzima, wakaingia shambani na kuvuna pamoja, vijana wakarudi uwanjani.

Mlango mmoja baada ya mwingine

Hapa ndipo urithi wake ulipo hasa. Angalia mfululizo huu:

- 1949: Paul "Tank" Younger wa Grambling anasajiliwa na Los Angeles Rams. Anakuwa mchezaji wa kwanza kutoka vyuo vya kihistoria vya Weusi kucheza NFL.
- 1963: Buck Buchanan anachaguliwa namba moja, mbele ya wote, timu za ligi ya AFL zilipogawana wachezaji wapya. AFL ndiyo iliyokuja kuungana na NFL.
- 1969: James Harris anaanza mechi ya ufunguzi ya Buffalo Bills kama kwotabeki. Hakuna Mweusi aliyewahi kuanza msimu hivyo kwenye nafasi hiyo.
- 1988: Doug Williams anaiongoza Washington kuichapa Denver 42-10 kwenye Super Bowl na kuwa mchezaji bora wa fainali. Ni kwotabeki wa kwanza Mweusi kuanza fainali hiyo na kuishinda.

Kama hujui, kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi. Ni ubongo wa timu. Na hapo ndipo ubaguzi ulipojificha: kwa miaka mingi timu za kulipwa ziliamini Mweusi anaweza kukimbia na kukaba, lakini siyo kuongoza. Kijana aliyecheza kwotabeki chuoni alifika NFL akaambiwa abadilishe nafasi.

Robinson alilijua hilo, akamwandaa Harris kwa makusudi abaki kwotabeki. Miaka 19 baada ya Harris kuanza ile mechi ya Buffalo, kijana mwingine wa chuo kilekile akanyanyua kombe. Siyo bahati.

Wachezaji wake wanne wameingia kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa futiboli ya kulipwa: Buchanan, Willie Davis, Willie Brown na Charlie Joiner. Kwa chuo kilichoanza na kocha anayekata nyasi mwenyewe, si mchezo.

Nje ya uwanja alikuwa mkali. Asubuhi alipita mabwenini na kengele mkononi kuwaamsha vijana waende darasani. Safarini walivaa koti na tai. Yeye mwenyewe alirudi shule akiwa kazini, akapata shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1954.

Timu iliyofuata mashabiki

Kama vyuo vikubwa havikuja Grambling, Grambling ilikwenda kwenye miji mikubwa. Mwaka 1968 ilicheza na Morgan State ndani ya Yankee Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 60,000. Mwaka 1976 timu hizohizo zikaenda kukutana Tokyo, Japani.

Kuanzia 1974 mechi yao na watani wao wa jadi, Southern, ikapewa jina la Bayou Classic na kuhamishiwa New Orleans. Hadi leo ni tukio kubwa la kila mwaka, wikiendi ya sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba.

Siku aliyompita Bear Bryant

5 Oktoba 1985, uwanja wa Cotton Bowl mjini Dallas, Grambling iliifunga Prairie View A&M 27-7. Huo ulikuwa ushindi wa 324 wa Robinson. Aliyekuwa akishikilia rekodi ni Bear Bryant, kocha wa Alabama, aliyeishia 323.

Mjadala ukawaka. Waliopinga walisema Bryant alishinda dhidi ya vyuo vikubwa, Robinson dhidi ya vidogo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaruka jambo moja: Alabama ya Bryant haikumchezesha Mweusi hata mmoja hadi mwaka 1971. Wakati huo Robinson alikuwa na miaka 30 kazini. Huwezi kumfungia mtu nje halafu ukamlaumu kwamba hakuingia.

Aliendelea. Oktoba 1995 akawa kocha wa kwanza wa futiboli ya vyuo kufikisha ushindi 400.

Mwisho haukuwa mtamu

Ubaguzi ulipolegea, vyuo vikubwa vikaanza kuchukua vijana Weusi wenye vipaji. Ni haki ambayo kizazi cha Robinson kilikuwa kikiisubiri, lakini ilimgharimu yeye mwenyewe: nyota ambao zamani wangekwenda Grambling sasa walikuwa na pa kuchagua.

Misimu yake mitatu ya mwisho alifungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Mwishoni mwa 1996 kukawa na presha aondoke. Mashabiki na wachezaji wa zamani wakapiga kelele, akapewa msimu mmoja zaidi wa kuaga. Mechi ya mwisho ilikuwa Bayou Classic ya 29 Novemba 1997. Southern ilishinda 30-7.

Aliyerithi kiti chake? Doug Williams, yuleyule wa Super Bowl. Akaipa Grambling ubingwa wa SWAC mara tatu mfululizo, 2000 hadi 2002.

Ukumbi wa Umaarufu unaingiaje?

Ukumbi wa Umaarufu wa Futiboli ya Vyuo upo Atlanta tangu 2014. Ili kocha afikiriwe, masharti makuu ni haya:

- awe kocha mkuu kwa angalau miaka 10
- awe ameongoza angalau mechi 100
- awe ameshinda asilimia 60 ya mechi zake (kuanzia kundi la 2027 kiwango kimeshushwa hadi 59.5)
- awe amestaafu misimu mitatu iliyopita. Aliyefikisha miaka 70 hasubiri

Robinson alimaliza na karibu asilimia 70.7, ukihesabu sare kama nusu ushindi. Umri ulikuwa 78. Kwa namba hakuna ubishi.

Ila kuna jambo watu husahau. Kwa miongo mingi ukumbi huo ulihusu vyuo vya daraja la juu. Mwaka 1996 ndipo ulipoanza kuingiza watu wa madaraja mengine, na Buck Buchanan akaingia mwaka huo. Kocha wake akafuata 1997. Kwa maneno mengine, mwanafunzi alitangulia, mwalimu akamkuta ndani.

Je, rekodi yake bado ipo?

Kwa namba tupu, hapana. John Gagliardi wa St. John's, chuo kidogo cha Minnesota, alimpita mwaka 2003 na kumaliza na ushindi 489. Joe Paterno wa Penn State alifikisha 409 mwaka 2011.

Mwaka 2012 Paterno aliondolewa ushindi 111 kufuatia kashfa ya unyanyasaji wa watoto iliyomhusu msaidizi wake wa zamani, na Robinson akarudi juu kwenye daraja lao. Januari 2015 ushindi huo ukarejeshwa. Kwa hiyo leo Paterno ana 409, Robinson 408. Tofauti ni mechi moja.

Alichoacha

Robinson aliugua ugonjwa wa Alzheimer miaka ya mwisho, akafariki akiwa na miaka 88. Alikuwa na mke mmoja, Doris, waliyeoana mwaka uleule alioanza kazi. Mke mmoja, kazi moja: mwenyewe alipenda kujisifia hilo kuliko ushindi.

Uwanja wa Grambling unaitwa kwa jina lake tangu 1983. Tuzo ya kocha bora wa daraja la pili la juu la vyuo ina jina lake tangu 1987. Makumbusho yake yalifunguliwa chuoni hapo mwaka 2010.

Na kuna kimoja zaidi. Mwaka 2009 James Harris na Doug Williams, wale makwotabeki wake wawili, walianzisha Ukumbi wa Umaarufu wa Futiboli ya Vyuo vya Weusi, ili majina ambayo kumbi nyingine ziliyachelewesha yasipotee. Kwenye kundi la kwanza kabisa lililoingizwa, mmoja wao alikuwa kocha wao.