KUMBUKUMBU ZISIPOTEE
Hesabu za Namawala, na jinsi faili lililopotea linavyorudishwa kutoka katika kanda

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu kabla hatujaanza: KANDA, NAKALA, KURUDISHA. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha wayaandike katika madaftari yao. Maneno haya ndiyo nguzo za somo la leo.

Somo letu ni la historia. Lakini leo hatutasema habari za wafalme wala za vita. Tutasema habari za hesabu: nani alizaliwa, nani alikufa, nani aliumwa na mbu, na hesabu hizo zilikaa wapi baada ya kuandikwa. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni mtaona kwamba herufi moja tu yaweza kuokoa kazi ya miaka mingi, au kuiangamiza.

1. Kijiji kilichohesabiwa

Namawala ni kijiji katika bonde la Kilombero, upande wa magharibi ya Ifakara. Wenyeji wa bonde hilo ni wakulima wa mpunga. Mvua ikinyesha, mto hufurika, maji hutanda mbugani, mpunga husitawi. Lakini maji hayo hayo ndiyo yanayoleta mbu, na mbu wanaleta malaria.

Mwaka 1957 mtaalamu wa Uswisi, Rudolf Geigy, alianzisha maabara Ifakara ili kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Maabara hiyo ilikua mwaka hata mwaka, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka iliyokuwa karibu na 1990, wachunguzi walifanya kazi kubwa Namawala. Waliwanasa mbu usiku ndani ya nyumba za watu kwa mitego ya taa, wakawahesabu. Waliwapima watu damu ili kuona kama vijidudu vya malaria vimo.

Wakaona jambo la ajabu. Mbu walizidi sana katika majira ya mvua, wakapungua sana wakati wa kiangazi. Lakini vijidudu katika damu za watu havikupanda na kushuka pamoja na mbu. Mtu wa Namawala alikuwa na malaria mwilini mwaka mzima, mvua au jua. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1993. Hakuna mtu ambaye angeijua kwa kukisia tu. Ilijulikana kwa sababu kila usiku na kila mwezi hesabu iliandikwa na kutunzwa.

2. Hesabu iliyookoa watoto

Sasa twende mbele kidogo. Mwaka 1996 ilianza kazi nyingine. Makarani walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Waliandika jina la kila mtu aliyekaa katika nyumba hizo. Kisha wakawa wanarudi kila baada ya miezi minne, wakiuliza: Je, kuna aliyezaliwa? Kuna aliyekufa? Kuna aliyehamia au aliyehama? Majibu yakaingizwa katika kompyuta.

Wakati huo huo vyandarua na dawa ya kuvitia vilianza kuuzwa vijijini kwa jina la Zuia Mbu. Watu wengi waliuliza kama walivyouliza wazee wao: Je, chandarua kweli kinaokoa uhai, au ni biashara tu? Swali hilo ni la haki. Na jibu lake halikutoka kwa mtu mwenye sauti kubwa. Lilitoka katika daftari. Mwaka 2001 wachunguzi walitangaza ya kuwa kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4, matumizi ya vyandarua vyenye dawa yalifuatana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika.

Fikirini, ndugu wanafunzi. Ili kujua jambo hilo, ilibidi kulinganisha mtoto na mtoto, nyumba na nyumba, mwaka na mwaka. Kama mafaili ya mwaka wa kwanza yangalipotea, mwaka wa tatu usingalikuwa na kitu cha kulinganishwa nacho. Mzazi aliyefiwa alimwambia karani habari ya msiba wake ili iwafae wengine. Kuipoteza habari hiyo ni kumdhulumu mara ya pili.

Na hesabu njema haizeeki. Mwaka 2006 wataalamu walitoa maandishi juu ya kuigiza mwendo wa malaria kwa kompyuta, ili kukadiria chanjo ingaleta faida gani. Katika kazi hiyo walitumia jinsi kuumwa na mbu kulivyozidi na kupungua kwa majira pale Namawala, kama ilivyopimwa miaka zaidi ya kumi nyuma. Mbu wale walikwisha kufa zamani, lakini hesabu yao ilikuwa hai.

3. Kanda ni kitu gani?

Kila mkulima anajua ya kuwa mbegu ya mwakani haiwekwi pamoja na mpunga wa kula. Njaa ikija, au moto ukiunguza kihenge kimoja, mbegu ibaki mahali pengine. Watunza hesabu nao hufanya vivyo hivyo. Hutoa nakala ya mafaili, wakaiweka mbali na kompyuta. Hiyo huitwa nakala ya akiba.

Kwa miaka mingi taasisi kubwa za dunia zimeweka nakala ya akiba katika kanda ya sumaku. Wengi wenu mmeiona kanda: utepe mwembamba, mrefu, uliopakwa unga unaoshika sumaku. Fritz Pfleumer wa Ujerumani aliubuni mwaka 1928 kwa ajili ya kutunza sauti. Redio zetu ziliutumia pia. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na tangu mwaka 1965 ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyimbo na hotuba nyingi za zamani zilihifadhiwa katika kanda. Mwaka huo huo wa 1951 kompyuta iliyoitwa UNIVAC ilianza kutumia kanda kutunza hesabu.

Kanda haitumii umeme ikiwa imekaa rafuni. Haifikiwi na mwizi aliye mbali, wala na kosa linalofanyika ndani ya kompyuta. Kanda moja ya aina iliyotoka mwaka 2021 hubeba terabaiti 18, yaani maandishi mengi kuliko maktaba kubwa. Lakini ina udhia wake. Huwezi kurukia katikati kama unavyofungua kitabu. Lazima utepe uzungushwe hadi mahali unapopataka.

4. Herufi tatu

Mwaka 1979 maabara ya Bell ya Marekani ilitoa toleo la saba la mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Ndani yake mlikuwa na chombo kipya, si cha chuma bali cha maandishi. Jina lake ni tar. Jina hilo ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kumbukumbu za kanda. Chombo hicho kingali kikitumika hadi leo.

Chombo hiki hakina picha wala vitufe vya kubonyeza. Unaandika amri kwa herufi, kisha kompyuta inatii. Mwalimu, andika ubaoni herufi hizi tatu:

c – andika nakala mpya katika kanda
t – nionyeshe orodha ya yaliyomo
x – toa yaliyomo, uyarudishe katika kompyuta

Mnaona? Mtu anayejua kusoma herufi tatu anaweza kuirudisha kumbukumbu ya kijiji kizima. Lakini angalieni hatari. Anayetaka kurudisha akaandika c mahali pa x, kompyuta haitamwuliza. Itaandika juu ya kanda ile ile, na nakala ya zamani itafutika. Ndiyo sababu kanda ina kifungio kidogo pembeni. Kikifungwa, kanda husomwa tu, haiandikiki.

5. Tuseme faili limepotea

Sasa tufanye mfano. Tuseme karani mmoja amefuta kwa bahati mbaya faili liitwalo nyumba.txt, lenye majina ya kaya zote. Moyo unamdunda. Afanye nini?

Kwanza, asiguse kitu kwa haraka. Aifunge kanda kwa kile kifungio, ndipo aitie katika mashini.

Pili, atengeneze folda tupu, aingie humo. Asirudishe mafaili juu ya yale yaliyopo, maana yawezekana mengine ni mapya kuliko ya kanda, nayo yatafunikwa.

Tatu, airudishe kanda mwanzo kwa amri hii:

mt -f /dev/nst0 rewind

Herufi mt ni jina la chombo cha kuizungusha kanda. Maneno /dev/nst0 ni jina la mashini ya kanda. Ile herufi n ina kazi: inaiambia mashini isijirudishe mwanzo yenyewe kila amri inapokwisha.

Nne, aende kwenye fungu analolitaka. Kanda moja yaweza kuwa na nakala za siku nyingi, moja nyuma ya nyingine, na kati yake pana alama. Kama nakala ya Jumatano ni ya tatu, aruke alama mbili:

mt -f /dev/nst0 fsf 2

Wengi hukosea hapa. Huandika 3, wakajikuta katika fungu la nne. Kumbukeni: ukitaka nyumba ya tatu, unapita nyumba mbili.

Tano, aangalie orodha kabla ya kutoa chochote:

tar -tvf /dev/nst0

Majina yatapita kiooni pamoja na tarehe na ukubwa wa kila faili. Ayasome. Aliandike jina analolitaka kama lilivyo, kwa herufi zake zote. Tuseme limeandikwa hesabu/nyumba.txt. Akisahau neno hesabu, chombo kitasema hakulioni.

Sita, kanda sasa imekwisha kusogea. Kwa hiyo arudie hatua ya tatu na ya nne. Kisha ndipo atoe:

tar -xvf /dev/nst0 hesabu/nyumba.txt

Saba, alifungue faili lililorudi, alisome, ahesabu mistari yake, alinganishe na daftari la karatasi. Ikiwa sawa, ndipo alipeleke mahali pake pa kawaida. Asiseme "nimerudisha" kabla ya kulisoma.

6. Wawili wa kujifunza kwao

Historia inatupa mifano miwili. Wa kwanza ni wa hasara. Mwezi wa Julai 1969 Wamarekani walifika mwezini. Picha zao za asili, zilizo safi kuliko zile zilizoonekana katika televisheni, zilitiwa katika kanda. Baadaye zilitafutwa zisionekane. Mwaka 2009 shirika la NASA lilieleza ya kuwa inaelekea kanda hizo zilifutwa na kutumiwa tena kwa kazi nyingine. Waliobaki nazo ni nakala za matangazo tu. Watu waliofika mwezini walishindwa kutunza utepe.

Mfano wa pili ni wa faida. Mwezi wa Februari 2011 kampuni ya Google ilipata hitilafu, na barua za sehemu ndogo ya wateja wake, kama asilimia 0.02, zikatoweka. Kampuni ilikuwa na nakala katika kompyuta zaidi ya moja, lakini hitilafu ile ile ilizifikia nazo. Barua zilirudishwa kutoka katika kanda, kwa kuwa kanda zilikaa rafuni, mbali na hitilafu.

Tofauti ya mifano hii si utajiri, maana wote wawili walikuwa matajiri. Tofauti ni kwamba wa pili waliweka akiba mbali, wakaweza kuisoma siku ya shida. Kanda isiyojaribiwa ni kama mbegu isiyooteshwa: hujui kama i hai mpaka uitie ardhini, na msimu ukikwisha kupita, kujua hakufai tena.

Tena mashini za kusomea hubadilika. Kanda ikikaa miaka ishirini, yaweza kuwa nzima, lakini mashini inayoisoma haipo tena. Kwa hiyo mtunzaji mwema huhamisha nakala kutoka kanda kuukuu kwenda kanda mpya kabla mambo hayajaharibika.

7. Neno la kumalizia

Ndugu wanafunzi, zamani iliaminika ya kwamba kutunza kumbukumbu ni kazi ya wakubwa mijini. Leo mmeona ya kuwa mwanzo wake ni mlangoni pa nyumba ya mkulima, pale anapomjibu karani kwa kweli. Na mwisho wake ni mtu mmoja mbele ya kioo, anayesoma herufi polepole kabla ya kubonyeza. Kati ya hao wawili pana uhai wa watoto.

Nyinyi mnaojifunza kusoma sasa, msidharau herufi moja. Tofauti ya c na x ni mkato mdogo wa kalamu tu. Lakini ndiyo tofauti ya kufuta na kurudisha.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini wachunguzi wa Namawala waliandika hesabu mwaka mzima, si wakati wa mvua tu?
2. Kwa nini karani alitengeneza folda tupu kwanza?
3. Nakala unayoitaka ni ya tano katika kanda. Utaruka alama ngapi?
4. Je, kijiji chenu kina daftari gani? Likiungua leo, nakala yake iko wapi? Mara ya mwisho nani aliisoma?

Swali la nne msilijibu kwa mdomo tu. Baada ya darasa, nendeni mkaangalie. Kwaherini.