Maili za Nani? Pointi za Wasafiri wa Ndege Zikitazamwa Kutoka Ziwa Mweru

Mpango wa kuwatuza wasafiri wa mara kwa mara ni utaratibu ambao shirika la ndege humwandikia abiria pointi, ambazo kwa mazoea huitwa maili, kila anaposafiri nalo, kisha likamruhusu azitumie kupata tiketi ya bure au kiti cha daraja la juu. Mashirika huuelezea kuwa ni shukrani kwa mteja mwaminifu. Makala haya yanautazama mpango huo kutoka Nchelenge, wilaya ya Jimbo la Luapula nchini Zambia iliyo kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, na yanashikilia kwamba pointi ni mali inayozalishwa na fedha ya nauli. Kwa hiyo, pale ambapo nauli imelipwa na umma au na mfadhili kwa niaba ya watu wa mahali fulani, watu hao wana haki ya kuuliza mali hiyo imeishia mikononi mwa nani.

Mpango huu haukuzaliwa na hisani. Marekani ilipoondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za ndege mwaka 1978, mashirika yalijikuta yakigombania abiria walewale kwa bei zilizokaribiana, na ndipo American Airlines ilipoanzisha AAdvantage mwezi Mei 1981, ikafuatwa na United mwezi huohuo. Baadaye mashirika yaligundua kwamba maili zinaweza kuuzwa: benki huzinunua kwa wingi ili kuwavutia watu wachukue kadi zake za mkopo, na shirika hupata fedha taslimu kabla hata kiti hakijakaliwa. Ukubwa wa biashara hiyo ulijitokeza wazi mwaka 2020, wakati ugonjwa wa UVIKO-19 uliposimamisha ndege na United ikaweka mpango wake rehani ili kupata mkopo, huku ikiukadiria kuwa na thamani ya takriban dola bilioni 22. Kitu kinachokubaliwa kuwa dhamana ya mkopo wa mabilioni hakiwezi tena kuitwa zawadi ndogo ya asante.

Mtu wa Nchelenge huingia katika mfumo huu kwa mlango mwembamba sana. Safari yake ya ndege kwa kawaida huanza ndani ya basi, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 hadi Mansa, makao makuu ya jimbo, na kutoka hapo kuna njia mbili. Anaweza kuzunguka kwa Serenje kwenda Lusaka, au kuvuka Mto Luapula kwenye daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008 na kupewa jina la Rais Levy Mwanawasa, akapita katika kipande cha ardhi ya Kongo na kutokea Mufulira, karibu na Ndola. Njia hii ya pili ni fupi, lakini humlazimu raia wa Zambia kupita mipaka miwili ili afike katika mji wa nchi yake mwenyewe. Sehemu hiyo ya safari, ambayo ndiyo inayochosha mwili na kula akiba, haiandikwi maili hata moja. Na hata akishapanda ndege, mashirika mengi makubwa, hasa ya Marekani tangu mwaka 2015, yameacha kuhesabu umbali na badala yake yanahesabu kiasi cha nauli, kiasi kwamba aliyebahatika kupata tiketi ya bei nafuu huandikiwa kidogo zaidi.

Muda nao unamwelemea. Tangu mwaka 2012 Emirates huruka kati ya Dubai na Lusaka, na maili za mpango wake, Skywards, hudumu takriban miaka mitatu kabla ya kufutwa. Kwa mtu anayesafiri kila mwezi, miaka mitatu ni mingi. Kwa mfanyabiashara wa Kashikishi, mji wa wilaya hiyo ulio kando ya ziwa, ambaye mapato yake hufuata ziwa na ambaye kila mwaka hukabiliwa na marufuku ya uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, safari moja ya Dubai inaweza kuchukua miaka kadhaa kabla ya kufuatwa na nyingine, na maili za safari ya kwanza huwa zimekwisha futika. Nauli aliyolipa ilichangia gharama ya mpango mzima, lakini faida inakwenda kwa yule anayesafiri mara nyingi: asiye na uwezo anamchangia mwenye uwezo bila kuulizwa.

Ufuko wa Mweru nao una desturi yake ya kumtuza mteja. Katika soko la Kashikishi, muuzaji wa chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru wanaoanikwa juani hadi wakauka, hujaza kipimo, akakisawazisha kwa kiganja, kisha akachota gao jingine na kulitia mfukoni mwa mnunuzi, na nyongeza hiyo Wazambia huiita mbasela. Mbasela hutoka katika mali ya muuzaji mwenyewe, hutolewa papo hapo, na humfikia yule aliyelipa. Maili hukosa sifa zote tatu. Ni ahadi ya baadaye, ambayo mtoaji anaweza kuipunguza thamani apendavyo, na ambayo hupotea kabisa shirika likianguka, kama walivyoshuhudia wateja wa Ansett ya Australia mwaka 2001. Na juu ya yote humfikia aliyekaa kitini, hata kama nauli imelipwa na mwingine.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoihusu Nchelenge zaidi. Malaria imebaki kuwa kali katika wilaya hiyo licha ya vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, na kwa zaidi ya miaka kumi eneo hilo limekuwa uwanja wa utafiti wa kimataifa unaowaunganisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola. Utafiti huo ni wa lazima na umeleta maarifa ambayo wilaya isingeyapata kwa njia nyingine. Hata hivyo, kazi ya namna hiyo, pamoja na warsha na ziara za ukaguzi za sekta nyingine, huhitaji safari nyingi za masafa marefu zinazolipwa kwa fedha za ruzuku, na desturi ya mipango ya ndege ni kumwandikia pointi mtu binafsi, si mfuko uliolipa.

Nchi nyingine zimeshalijadili suala hili hadharani. Nchini Ujerumani, Gregor Gysi alijiuzulu useneta wa uchumi wa Berlin mwishoni mwa Julai 2002 baada ya kubainika kwamba alitumia kwa safari binafsi maili zilizotokana na safari za kikazi. Marekani ilielekea upande wa pili: sheria iliyotiwa saini Desemba 2001 iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili zao, ambazo hapo awali zilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Hoja inayotetea uamuzi wa namna hiyo ni kwamba msafiri hupoteza usingizi na muda wa familia, hivyo anastahili kifuta jasho. Hoja hiyo ina uzito, lakini jasho la safari ya kikazi tayari lina posho yake, inayojulikana kiasi chake na kukaguliwa, ilhali maili ni malipo ya pili yasiyoonekana katika hesabu yoyote.

Njia ya kurekebisha hali hii ipo tayari. Emirates, kwa mfano, ina mpango uitwao Business Rewards, ambao huiandikia taasisi pointi zake huku msafiri akiendelea kupata za kwake, hivyo mwajiri anaweza kudai fungu lake bila kumnyang'anya mfanyakazi. Wizara ya Afya na wafadhili wanaweza kuweka katika mikataba yao sharti kwamba kila taasisi inayosafirisha watu kwa ajili ya mradi wa Nchelenge ijiandikishe katika mpango wa aina hiyo, itoe taarifa ya pointi kila mwaka pamoja na hesabu za fedha, na izitumie kwanza kwa tiketi za watu wa wilaya yenyewe: muuguzi wa Hospitali ya St Paul's anayekwenda masomoni nje ya nchi, au msaidizi wa utafiti aliyekusanya takwimu nyumba kwa nyumba, ambaye jina lake limo katika ripoti lakini hajawahi kuuhudhuria mkutano ambako ripoti hiyo husomwa.